Kovu, Nuka, Vitani: muvi ambayo sisi wenye Kiswahili tunaisikia mara mbili

Mpwa wangu ana miaka sita na akiangalia katuni hakai kimya hata dakika moja, huyu nani, yule kaenda wapi, mbona analia, na mi nishazoea, namjibu huku macho yako kwenye skrini. Jumamosi moja nikamwekea The Lion King II: Simba's Pride, ile ya pili, ya mwaka 1998, ambayo mi mwenyewe niliiangalia utotoni mpaka mkanda wa video ukaanza kuonyesha chenga. Tukafika pale kwenye nchi kavu walikofukuziwa wale simba wengine, akatokea simba kijana mwembamba, manyoya yamechakaa, anajikuna kila saa, na mdogo wake akamwita kwa jina. Mpwa wangu akanigeukia.

"Anko, anaitwa Nuka?"

Nikamwambia ndio.

"Kwani ananuka?"

"Sijui mwanangu, labda."

"Nani kampa hilo jina?"

"Mama yake."

Akanyamaza. Akaendelea kuangalia ila hakuuliza kitu tena kwa muda mrefu, na kwa mtoto huyu hilo ni jambo kubwa, afu mi ndo nikabaki na swali lake kichwani, manake hii muvi nimeiangalia si chini ya mara ishirini na sikuwahi hata siku moja kujiuliza ni mama wa aina gani anamzaa mwanae wa kwanza, anamtazama, halafu anaamua kumwita Nuka.

Toka siku hiyo sijaacha kuifikiria, na ndo maana naandika. Naamini kabisa kwamba sisi tunaosikia Kiswahili hii muvi tunaipata tofauti na wenzetu, na ya kwetu ni nzito zaidi. Kwa mtoto aliyekulia Marekani au Ufaransa jina "Kovu" ni sauti tu, imekaa vizuri mdomoni, basi. Kwetu sisi ni neno, lina maana kabla hata simba mwenyewe hajafungua mdomo. Na kwenye hii stori majina hayajawekwa kama mapambo, ukiyafuata yanakupeleka mpaka mwisho.

Kwa ambaye hajaiona au kaisahau: ile ya kwanza ilitoka 1994, ikatikisa dunia nzima. Hii ya pili haikupelekwa sinema, ilitoka moja kwa moja kwenye mikanda ya video Oktoba 1998, imeongozwa na Darrell Rooney, ina kama dakika 81. Na watu wengi muvi zinazotoka hivyo wanaziona makombo, kitu cha kuuzia watoto jina lililokwisha kupendwa. Ni kweli uchoraji haufikii ule wa kwanza, sibishi, kuna sehemu unaona kabisa bajeti ilikuwa ndogo. Ila stori yake ina jeraha ndani ambalo ile ya kwanza haina. Simba sasa ni mfalme na ana binti, Kiara. Wale waliokuwa upande wa Scar, yule baba mdogo wa Simba aliyeupora ufalme kwenye ile ya kwanza, wamefukuzwa, wanaishi kwenye nchi ya vumbi chini ya jike mmoja anaitwa Zira, na Zira ana watoto watatu, Nuka mkubwa, Vitani, na mdogo kabisa Kovu, ambaye Scar kabla hajafa alimchagua awe mrithi wake. Kovu analelewa kwa kazi moja, akikua amuue Simba. Bahati ikawakutanisha yeye na Kiara wakiwa bado wadogo, wakakimbizwa na mamba pamoja wakapona pamoja, na mengine utayajua mwenyewe.

Sasa hili jina Kovu. Mi nililijua neno kovu miaka kabla sijalijua neno scar. Nilipokuwa naangalia huo mkanda utotoni Scar lilikuwa jina tu kama Mufasa, baba yake Simba, na Kovu nikadhani kaitwa hivyo kwa sababu ya ile alama jichoni. Halafu siku moja darasani, somo la Kiingereza, mwalimu anaandika ubaoni majina ya vitu vya mwilini na magonjwa, upande mmoja Kiingereza upande mwingine Kiswahili, akafika kwenye scar, akaandika kovu. Kalamu yangu ikasimama hapohapo. Yani Scar na Kovu ni jina moja! Yule mtoto kapewa jina la marehemu, limetafsiriwa tu, na huko kwingine kote duniani watoto waliangalia muvi nzima bila kujua.

Na kuna kitu kingine nilikuja kukiona baadae sana. Kovu akiwa mtoto hana kovu, angalia vizuri, uso wake mzima, jicho zima, hakuna alama yoyote. Jina limetangulia, kidonda kimekuja miaka mingi baadae, na aliyemtia hicho kidonda ni mama yake mzazi, kwa kucha zake mwenyewe, palepale jichoni alipokuwa nayo Scar. Yani jina lilikuwa linamsubiri. Mama alipomwita Kovu siku ile alikuwa kashaamua uso wa mwanae uje kufanana na uso wa nani, ilibaki tu siku.

Kabla ya hapo kuna sehemu naipenda kuliko zote kwenye muvi nzima. Moto ulikuwa umechoma nchi, umewashwa makusudi na ndugu zake Kovu ili yeye ajifanye anamwokoa Kiara. Baada ya siku kadhaa Simba, ambaye hamwamini huyu kijana hata kidogo, anajilazimisha, anamchukua wanatembea wawili kwenye majivu. Wanaongea habari za Scar. Simba anafukua majivu kidogo kwa mkono na chini yake kuna jani dogo la kijani linachipua, anamwambia kwamba kinachobaki baada ya moto kinaweza kukua kizuri kuliko kilichokuwepo, kikipewa nafasi. Na hiyo ni kweli hata nje ya katuni, nyasi za savana sehemu yake ya kuchipulia iko chini, usawa wa udongo, moto unapita juu unakula makavu na mvua ikigusa tu unaona kijani. Ni dakika chache sana hizo, wanaume wawili wanatembea kwenye majivu wanajaribu kuaminiana, afu Zira na jeshi lake wanatokea kwenye ukungu na kila kitu kinavunjika.

Kinachofuata ndo kilichomfanya mpwa wangu alie.

Simba kazungukwa, anakimbilia korongoni, anapanda lundo la magogo makubwa yaliyoziba bonde ili atokee juu. Zira anampigia Kovu kelele, huu ndo wakati, mmalize. Kovu amesimama tu, hawezi, roho imekataa. Na Nuka anaona nafasi. Miaka yote hiyo Nuka ndo alikuwa anasema mi ndo mkubwa, mi nastahili, kuna mahali mwanzoni anamkimbilia mama yake kumwambia kamkamatia panya kwa ajili ya chakula cha usiku, na mama anampita kama anapita jiwe, anauliza Kovu yuko wapi. Sasa Nuka anapanda magogo kwa fujo, anapanda huku anamwambia mama niangalie, anakaribia kabisa kumshika Simba mguu, halafu gogo linateleza na lundo lote linamshukia. Zira anayatupa magogo pembeni mpaka anamkuta. Na Nuka, amelala pale, anamwomba mama yake msamaha kwamba alijaribu, halafu anamwambia maneno ambayo mtu mzima akiyasikia lazima ameze mate, kwamba angalau safari hii mama kamwangalia.

Kamwangalia. Mtoto kafika mwisho wa maisha yake ndo kapata mama kumtazama usoni. Mpwa wangu akaja akakaa mapajani kwangu bila kusema kitu, nikasikia machozi yake kwenye mkono, na mi nilikuwa naye sawa kabisa, maana nilikuwa nafikiria kwamba hata hilo jina halikuwahi kuitwa kwa upendo, kila likiitwa alikuwa anaambiwa ananuka. Tuna methali yetu inasema mavi ya kale hayanuki, kwamba ya zamani yaache, yameshakauka. Zira kafanya kinyume chake, kachukua ya zamani kayafanya jina la mtoto, yanuke kila siku.

Wengine nitawapitia haraka. Vitani, binti wa katikati, jina lake ni mahali. Ukiulizwa yule binti yuko wapi unajibu yuko vitani, na kweli toka akiwa mdogo ndo aliko, anang'ata, anapigana, hana mchezo mwingine. Lakini mwishoni kabisa, majeshi mawili yamesimama kwenye mvua, Kiara anawauliza wote tofauti yetu sisi na wao iko wapi, wa kwanza kuvuka mstari ni yeye. Anamwambia mama yake inatosha, anatembea anakwenda kusimama upande wa pili, na wengine wanamfuata mmoja mmoja. Aliyeitwa Vitani ndo aliyetoka vitani. Sijui kama walioandika waliiona hivyo, ila kwa Kiswahili imekaa hivyo na inanipa baridi kila nikiifikia. Miaka mingi baadae kwenye ule mfululizo wa The Lion Guard walimrudisha, na mwishoni wakampa kundi lake la ulinzi aliongoze, nikafurahi kama vile ni ndugu yangu kapata kazi.

Na Zira mwenyewe. Mtoto akigombezwa akakataa kula tunasema kazira, chakula kiko mezani, njaa anayo, ila hagusi. Ndo mama huyu. Toka Scar afe yeye kazira, kazira msamaha, kazira amani, na mwisho ananing'inia kwenye mwamba, chini mto umefurika, Kiara kamnyooshea mkono anambembeleza amvute, na mkono pia kauzira. Akaanguka. Sijui kama neno jingine lolote la Kiswahili lingemtosha yule mama kuliko hilo.

Kuna sehemu moja ambapo lugha imewaponyoka kidogo, na naitaja kwa sababu inanigusa. Rafiki, yule nyani mzee, anawachukua Kiara na Kovu anawaimbia kuhusu mahali panaitwa Upendi, na humo kwenye wimbo inasemwa maana yake ni mapenzi. Sasa kwa Kiswahili ni upendo. Ukisema upendi, na wengi wetu tunavyoidondosha ile h tukiongea, aliyekaa pembeni anasikia hupendi. Mpwa wangu alisikia hivyohivyo, akauliza, "Hapendi nini?" Herufi moja imekosewa mwishoni na pepo ya wapendanao imegeuka kuwa mtu anayekataa. Nimesoma watu wakiwatetea kwamba wametafuta kina cha wimbo, sawa, nyimbo zina shida zake. Ila lugha ya watu ina wenyewe, mmetumia majina yetu kwa usahihi mkubwa hivyo kwa Kovu na Zira na Vitani, kuuliza hata Mswahili mmoja tu kuhusu hili neno ambalo ndo kilele cha mapenzi ya hao vijana kungewagharimu nini? Nalisema kwa uchungu kwa sababu naipenda hii muvi.

Nikarudi kwa Kovu tena. Akishajeruhiwa na mama yake anarudi kwa Simba kujieleza, na Simba anamfukuza, wanyama wote wanaimba kwamba wewe si mwenzetu, wanamrukia, wanamzomea, twiga, swala, wote. Ndo ile mtoto wa nyoka ni nyoka, imeimbwa. Anakimbia, anafika kwenye maji, anainama anajitazama na anayemuona kule chini ni Scar. Sasa kumbuka kwenye ile ya kwanza, Simba alipokuwa kapotea, Rafiki alimpeleka kwenye maji akamwambia angalia vizuri, na Simba akamuona Mufasa. Maji ni yaleyale. Mmoja kainama kapewa baba wa kumnyanyua, mwingine kainama kapewa mtu ambaye hata si baba yake, Kovu anasema wazi hakuwa mtoto wa Scar. Na aliyemfukuza mpaka akafika pale ni yuleyule ambaye maji yaliwahi kumhurumia. Simba ndo steringi wa ile ya kwanza, na kwenye ya pili wamethubutu kumfanya akosee, akosee vibaya, kwa sababu ya hofu yake mwenyewe. Muvi ya watoto inayothubutu hivyo si makombo.

Ila hofu ya Simba nayo sio ya bure, nikiwa mkweli. Simba wa porini, wale wa kweli, wamefuatiliwa na watafiti Serengeti toka 1966 alipoanza George Schaller, na mengi tunayoyajua kuhusu kundi la simba yametoka kule. Majike ndo wenye nchi. Mama, binti, dada, mama mdogo, wanazaliwa pale wengi wao wanafia pale, wanalea pamoja mpaka mtoto wa huyu ananyonya kwa yule. Dume akifika miaka miwili mitatu anatoka, au anatolewa, anazurura na ndugu zake mpaka wapate nguvu ya kwenda kulipindua kundi la watu wengine, na wakilipata wanalishika miaka michache tu kabla na wao hawajapinduliwa. Na dume wapya wakiingia mara nyingi wanaua watoto waliowakuta. Kwa hiyo baba anapomuona dume kijana mgeni anazungukazunguka karibu na familia yake, damu inamwambia jambo la kweli.

Na hapohapo utaona muvi ya pili imekaa karibu na pori kuliko ya kwanza. Ile ya kwanza mtoto wa kiume anakua anarudi nyumbani kutawala kundi la mama yake, kitu ambacho porini kwa kawaida hakitokei. Ya pili, binti ndo anabaki na nchi, na dume anatoka nje, nchi ya vumbi, na alama usoni. Kiara kurithi wengine walisema ni mambo ya kisasa, kumbe ndo mambo ya simba toka zamani.

Mwaka 2024, Desemba, ikatoka Mufasa: The Lion King, ya Barry Jenkins, na humo Rafiki anamsimulia Kiara, binti huyuhuyu, habari za babu yake. Nilikaa kwenye kiti nikisubiri majina. Na wamempa Scar jina lake la utotoni, Taka. Nikainama mbele. Kwa Kiswahili taka ni uchafu, na taka ni kutaka, na huyu kijana ni vyote viwili, ni mwana wa mfalme anayetaka ndugu, akampata, Mufasa, yatima aliyeletwa na mafuriko, halafu akataka na alivyonavyo ndugu yake, na hapo ndo alipojichafua. Mwishoni Mufasa anamwachia aishi ila anasema jina lake hatalitamka tena. Adhabu ni kunyang'anywa jina! Na yeye, ameshapata alama jichoni kwa kumkinga huyohuyo ndugu yake, anaomba aitwe Scar. Nikawaza, basi Kovu hakuwa wa kwanza, hili jina limepita kutoka kidonda kwenda kidonda. Na mahali wanapopatafuta kwenye hiyo muvi, nchi nzuri ya hadithi, panaitwa Milele. Milele, herufi zote ziko mahali pake. Miaka 26 toka Upendi. Sikutegemea kama neno moja lingenifanya nifute macho kwenye giza la sinema, lakini ndo ilivyokuwa.

Turudi kwa mpwa wangu. Usiku ule wa kwanza, muvi imeisha, Kiara na Kovu wamesimama juu ya mwamba wananguruma pamoja, yeye hakuwa na habari nao. Alichukua kalamu za rangi akamchora Nuka, amemchora mkubwa kuliko wote, na manyoya mengi ambayo kwenye muvi hana. Akaniambia nimwandikie jina juu. Nikashika kalamu nikaandika N, U, K, akanishika mkono.

"Anko subiri. Weka i."

"Wapi?"

"Hapo, kabla ya a."

Nikaweka. Nukia. Akaisoma kwa kidole, taratibu, akaridhika, akaenda kuibandika ukutani kwa gundi nyingi mno.

Juzi tumeiangalia tena. Ilipofika korongoni, magogo yameonekana, akasogea karibu na skrini akaweka mkono kwenye kioo. "Nukia," akasema, "shuka basi, mi nimekuona."